Waziri Amejiuzulu, Deni Limebaki

   

Sisi wa Dodoma tunaishi mji wa Bunge. Kutoka hapa Soko la Majengo hadi kwenye geti la Bunge ni nauli ya bodaboda tu. Kashfa kubwa za nchi hii nyingi zimesomwa hapa kwetu, zimejadiliwa hapa kwetu, na mawaziri wameangukia hapa kwetu. Kwa hiyo kama kuna watu wanaopaswa kuzungumza juu ya wajibu wa mpiga kura pale kiongozi wake anapotajwa kwenye kashfa, sisi tumo mstari wa mbele. Jioni hii nataka tuzungumze bila kuzungushana.

Nianze na mitambo ya umeme.

Mwaka 2006 nchi ilikuwa katika ukame. Bwawa la Mtera, hapo kwenye njia ya Iringa, maji yalishuka hadi likashindwa kufanya kazi yake. Umeme ukawa wa mgao. Wenye mashine za kusaga wanaukumbuka mwaka ule vizuri kuliko mimi: ndoo za mahindi zimepangwa foleni tangu asubuhi, wenye ndoo wamekaa kwenye baraza, na mwenye mashine hana la kuwaambia isipokuwa wasubiri. Mchomeleaji hana kazi, kinyozi hana kazi, na barafu ya muuza samaki imeshakuwa maji.

Serikali ikatafuta umeme wa dharura. Juni 2006 Tanesco ikasaini mkataba na kampuni iitwayo Richmond, izalishe megawati 100. Megawati hazikuja kwa wakati. Kabla mwaka haujaisha mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans, na kufikia hapo mvua zilikuwa zimeanza kurudi. Novemba 2007 Bunge, chini ya Spika Samuel Sitta, likaunda Kamati Teule ya watu watano ikiongozwa na Dakta Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela. Februari 6, 2008, taarifa ya kamati ile ikasomwa hapa Dodoma. Ilisema Richmond haikuwa na uzoefu wala uwezo wa kazi iliyopewa, na kwamba taratibu zilikiukwa ili ipewe.

Kesho yake, Februari 7, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, na mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, wakajiuzulu naye. Baraza la Mawaziri likavunjika. Haki itendeke hapa: Lowassa alilalamika mbele ya Bunge kwamba kamati haikumpa nafasi ya kujieleza, alikana siku zote kutenda kosa, na hadi anafariki Februari 2024 hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Lakini kisiasa aliwajibika, na nchi nzima ikashusha pumzi. Tulishangilia. Tulisema sasa Bunge letu lina meno.

Kisha tukarudi kwenye shughuli zetu, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, msikilizaji.

Bunge lilipitisha maazimio 23 juu ya Richmond. Maazimio hayo yaliburuzwa kutoka mkutano hadi mkutano, na Februari 2010 mjadala ukafungwa. Mitambo yenyewe, wakati huo, ilikuwa Ubungo, Dar es Salaam. Tanesco ilivunja mkataba na Dowans, Dowans wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwishoni mwa mwaka 2010 ikaamuliwa kwamba Tanesco iwalipe fidia ya takriban shilingi bilioni 94. Mwaka 2011 mitambo ileile ikauzwa kwa kampuni ya Kimarekani, Symbion. Tanesco ikanunua umeme tena kutoka mitambo ileile. Desemba 2015 ukasainiwa mkataba mpya wa miaka mingi, mwaka uliofuata ukasitishwa, Symbion nao wakadai, na mwaka 2021 yakafikiwa makubaliano ya kuwalipa zaidi ya dola milioni 150 za Marekani.

Hesabu mwenyewe. Kutoka 2006 hadi 2021 ni miaka 15. Waziri Mkuu alijiuzulu kwa siku moja, na wewe unayenunua LUKU umeendelea kuulipia mkataba ule na mizizi yake miaka yote hiyo. Ni nani kati yetu aliyekuwa anafuatilia mwaka 2010, hukumu ya Dowans ilipotoka? Tulikuwa wachache. Na mwaka 2021? Wachache zaidi. Muuza dagaa wa Majengo akimkopesha mteja, mteja akaja kuomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa, radhi ataipokea, lakini jina haliondoki kwenye daftari mpaka hela ije. Sisi kwa viongozi tumefanya kinyume. Tumepokea radhi, tukafunga daftari.

Tazama kilichofuata. Mwaka 2014 ikaja Tegeta Escrow. Kwa wale walioisahau: Tanesco ilikuwa na mgogoro na IPTL, kampuni iliyosaini nayo mkataba wa umeme mwaka 1995, juu ya kiasi cha malipo. Fedha zenye mgogoro zikawekwa kwenye akaunti maalumu Benki Kuu, zisubiri mwamuzi. Mwishoni mwa mwaka 2013 zikatolewa. Mkaguzi Mkuu akachunguza, TAKUKURU wakachunguza, na Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali ikiongozwa na Zitto Kabwe ikasoma taarifa yake hapa Dodoma. Zilitajwa shilingi bilioni 306. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu Desemba. Profesa Anna Tibaijuka, aliyepokea shilingi bilioni 1.6 na kusema zilikuwa mchango wa shule, akaondolewa uwaziri. Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo, ambaye hakutajwa kupokea fedha bali usimamizi wake ulilaumiwa, naye akajiuzulu. Andrew Chenge, aliyetajwa kupokea fedha kutoka kwa mmoja wa wanahisa wa IPTL, akauacha uenyekiti wa Kamati ya Bajeti.

Huyu Chenge ndiye aliyekwisha kujiuzulu uwaziri Aprili 2008, wakati wachunguzi wa Uingereza walipokuwa wakifuatilia ununuzi wa rada na kugundua akaunti yake nje ya nchi yenye zaidi ya dola milioni moja, fedha alizoziita vijisenti. Kwa rada ile hakushtakiwa. Kampuni ya BAE, iliyouza rada hiyo, ndiyo iliyokubali kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, na Tanzania ikarudishiwa pauni milioni 29.5, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi.

Sasa twende Oktoba 25, 2015. Siku ya kupiga kura, chini ya mwaka mmoja tangu Bunge lipitishe maazimio ya Escrow. Chenge alirudi bungeni. Tibaijuka alirudi. Muhongo alichaguliwa, na Desemba mwaka huohuo akarudishwa Wizara ya Nishati. Hawakurudishwa na Bunge, hawakurudishwa na mabeberu. Walirudishwa na watu waliosimama kwenye foleni na kadi zao mkononi.

Na asitokee mtu wa upinzani akajiona msafi. Septemba 2007, viwanja vya Mwembeyanga pale Temeke, Dakta Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma orodha ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi, na Lowassa alikuwamo. Mwaka 2015 CHADEMA hiyohiyo ikamsimamisha Lowassa kugombea urais. Slaa akaondoka. Lowassa akapata kura zaidi ya milioni sita. Machi 2019 akarudi CCM, akapokewa kwa mikono miwili. Ama orodha ya 2007 ilikuwa ya kweli, ama haikuwa ya kweli. Hakuna chama kati ya hivyo viwili kilichotueleza vizuri, na sisi hatukukibana chochote. Tulivaa sare za rangi zetu tukaimba.

Mimi siamini kwamba mpiga kura wa Tanzania ni mjinga. Nimekaa sana na wafanyabiashara wa soko hili. Mtu anayejua bei ya gunia la mahindi Kibaigwa leo asubuhi, akajua litafika hapa kwa shilingi ngapi baada ya ushuru, mpakiaji na gari, huyo huwezi kumwambia hajui hesabu. Tatizo liko mahali pengine.

Kuna mama mmoja anauza mboga upande wa ndani wa soko, mlenda mkavu, karanga na nyanya. Kipindi fulani cha kampeni nilimuuliza kwa nini anamtaka tena mgombea ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemlalamikia miaka mitano. Alinitazama akasema, "Mwanangu, huyu angalau tulipofiwa alileta mchele na turubai. Huyo mwingine simjui, hajawahi kufika kwangu." Nikamwambia, "Sawa, mama," maana sikuwa na jibu la haraka. Mtu aliyekuja msibani kwako huwezi kumdharau. Katika maisha yetu haya, ambapo hospitali ni gharama na jeneza ni gharama, aliyetoa turubai ametoa kitu.

Lakini tuulize: turubai lile limetoka wapi? Mshahara wa mbunge hauwezi kutosha msiba wa kila nyumba ya jimbo. Akilazimika kutoa kwenye kila msiba, kila harusi, kila mashindano ya mpira na kila harambee ya kanisa na msikiti, atatafuta pa kuzitoa hela hizo. Sisi tunamwekea bei, kisha tunashangaa akienda kuitafuta bei hiyo. Kila ombi la mchango tunalomtumia kwenye simu ni kumfundisha kwamba kazi yake ni kugawa, wakati Ibara ya 63 ya Katiba imemtuma kitu kingine: kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba yetu. Wakati anaagiza mchele wa msiba wako, ni nani anasoma mkataba wa umeme?

Na mara nyingine anachogawa wala si chake. Tangu mwaka 2009 tuna sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Fedha zake zinatoka Hazina, yaani kwenye kodi yako na yangu, na mbunge ni mwenyekiti tu wa kamati inayozipangia kazi. Ukiona mabati au mifuko ya saruji inakabidhiwa shuleni kwa vigelegele, simama uulize: haya ni ya mbunge au ya Mfuko wa Jimbo? Kama ni ya Mfuko, anayestahili kushukuriwa ni wewe mlipakodi, na mbunge anatakiwa akupe hesabu ya kilichobaki.

Kuhusu zawadi za kampeni zenyewe, kanga, kofia, pilau na noti ya kukunja, sheria ilikwisha kusema. Mwaka 2000 ziliingizwa kwenye sheria ya uchaguzi kwa jina la takrima, ati ni ukarimu wa Mwafrika. Asasi tatu za haki zikaenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikasema hapana, takrima inavunja Katiba kwa kuwa inambagua mgombea maskini na kumwondolea mpiga kura uhuru wake. Hukumu hiyo ina umri wa kijana mwenye kadi ya kupigia kura. Bado noti zinakunjwa, na mikono ya kupokea bado ipo.

Sasa kuna anayenisikiliza akasema: ndugu mtangazaji, unatubebesha mzigo mkubwa, sisi tukishapiga kura hatuna la kufanya mpaka miaka mitano iishe. Ana hoja. Katiba yetu haimpi mpiga kura njia ya kumrudisha nyumbani mbunge wake katikati ya safari. Waingereza wana sheria hiyo tangu 2015. Mbunge wao akihukumiwa kifungo na mahakama au akisimamishwa na Bunge kwa muda fulani, asilimia 10 ya wapiga kura wa jimbo wakisaini, kiti kinakuwa wazi, na mwaka 2019 wapiga kura wa Peterborough walimwondoa wa kwao kwa njia hiyo. Jirani zetu Kenya waliiandika haki hiyo kwenye Ibara ya 104 ya Katiba yao ya 2010, ingawa masharti yake yamekuwa magumu kiasi kwamba hakuna mbunge aliyewahi kuondolewa.

Sisi tulikuwa tumeikaribia. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa na kifungu cha wananchi kumwondoa mbunge, na kingine cha kumwekea mbunge ukomo wa vipindi vitatu. Rasimu ikaletwa hapa Dodoma, kwenye Bunge Maalum la Katiba. Kamati ya Uandishi ya Bunge hilo iliongozwa na Andrew Chenge. Oktoba 2014 Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa, ikakabidhiwa kwa sherehe Uwanja wa Jamhuri, na vifungu hivyo viwili havikuwamo. Watu walewale ambao vifungu hivyo vingewagusa ndio waliokaa wakapiga kura. Ngoma zilipigwa uwanjani na wengi wetu tulikwenda kutazama. Kura ya maoni iliyotakiwa kufuata Aprili 2015 haijafanyika hadi leo.

Kuna hoja nzito kuliko hiyo, na sitaikwepa. Mpiga kura hawezi kumwajibisha mtu kama kwenye karatasi ya kura hakuna mwingine wa kumchagua. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Oktoba 29, 2025 tulipiga kura CHADEMA ikiwa nje ya uchaguzi na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Siku ile na zilizofuata watu walikufa mitaani, intaneti ikazimwa, na kuna nyumba ambazo mpaka leo zina majonzi. Anayemwambia mwananchi kwamba kila kitu kiko mikononi mwake, huku akijua hayo, hamtendei haki. Uchaguzi wa kweli ni haki yetu, na kuudai kwa amani ni sehemu ya wajibu ninaouzungumzia.

Ila naomba tusiifanye hoja hiyo kuwa mto wa kulalia. Kura ni siku moja. Zinabaki siku nyingine za miaka mitano, na katika siku hizo kuna mambo ambayo hayahitaji kibali cha chama chochote.

La kwanza ni ripoti ya Mkaguzi Mkuu, CAG. Kila mwaka anaikabidhi kwa Rais kabla Machi haijaisha, na Aprili inaingia bungeni hapa Dodoma. Ripoti hutolewa pia kwa Kiswahili, na ipo ya serikali za mitaa ambamo kila halmashauri, pamoja na Jiji letu, inaonekana kwa jina. Usiseme ni mambo ya wasomi. Wanawake wa vikundi vya soko hili wanaijua mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo nchi nzima baada ya CAG kuonyesha fedha zilizokopeshwa bila kurejeshwa na vikundi vilivyokuwa hewa. Mama aliyekuwa analipa marejesho yake kila wiki akakosa mkopo kwa sababu ya vikundi ambavyo havikuwahi kuwapo. Vikundi hivyo hewa vilipita mikononi mwa watendaji na maofisa wanaofahamika, katika kata zinazofahamika. Je, katika kata yako uliuliza ni vipi?

CAG naye anahitaji watu nyuma yake. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyekuwa CAG wakati huo, kwa sababu alisema Bunge lina udhaifu katika kusimamia mapendekezo ya ukaguzi. Novemba akaondolewa. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikuwa kinyume cha Katiba. Mkaguzi wetu alinyooshewa kidole hapa, kwenye mji wetu, na mji wetu ulikaa kimya.

La pili ni mkutano wa mtaa. Najua mnavyouona: watu 15, viti vya plastiki, mwenyekiti amechelewa, na nusu ya muda inakwenda kwenye taka na ulinzi. Lakini pale ndipo mapato na matumizi yanapotakiwa kusomwa mbele yako, na mtendaji akishindwa kuyasoma anatakiwa aeleze sababu. Diwani anaweza kuitwa pale. Mbunge anaweza kuandikiwa kutoka pale, kwa muhtasari wenye mhuri. Mtu aliyezoea kumwuliza mtendaji wa mtaa risiti ya mchango wa madarasa hatashindwa siku moja kumwuliza mbunge alipiga kura gani juu ya mkataba fulani. Na aliyenyamaza kwenye shilingi elfu mbili za ulinzi, sioni atapata wapi sauti ya bilioni 306.

Katiba, Ibara ya 27, inasema kila mtu ana wajibu wa kulinda mali ya umma. Haikusema kila mbunge, haikusema kila mwandishi wa habari. Imesema kila mtu.

Basi, msikilizaji wangu wa Majengo, nina ombi. Tangazo la mkutano wa mtaa litakapobandikwa ukutani, funga meza yako mapema siku hiyo, mchukue na jirani yako, muende. Mkifika, kabla ya taka na kabla ya ulinzi, mmoja wenu anyooshe mkono aombe mapato na matumizi yasomwe, na asikae chini mpaka yasomwe.